Mfalme wa Kuku Wawili

Kabeza, 3 Juni 1991

Kaka yangu Audace,

Salamu zikufikie huko Bujumbura, hapo Buyenzi, wewe na Mjomba na kila anayekula kwenye sinia yake. Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Uwase ametimiza miaka mitano na anajibu watu wazima kama mzee wa mtaa. Mutsinzi ana miezi minne, analala dakika kumi, analia saa nzima. Baba yao yuko safarini. Tangu vita vifunge barabara ya mpaka wa Gatuna malori yanazungukia Rusumo, na safari iliyokuwa ya wiki imekuwa ya mwezi. Nikimwona Gratien nitamwambia umemsalimu.

Nakuandikia kwa ajili ya Mzee. Baada ya matanga ya Mama nilimtoa Gahanga nikamleta kwangu, maana peke yake asingeweza. Nilidhani ameshazoea kuachishwa kazi. Kaka, hajazoea. Miaka ishirini na miwili alikuwa kapita wa matofali kule bondeni, anasimamia watu sitini, wanavua kofia akipita, halafu wafanyakazi wakamwandikia tajiri barua moja na kapita akawa si kapita. Jinsi ilivyokuwa unajua. Hilo tuliache.

Sasa sikiliza. Kila asubuhi anavaa koti lake la kaki, lile lililobaki na kifungo kimoja, anakaa kwenye kiti chake mlangoni. Uji naweka mbele yake, haugusi. Siku tatu hakugusa. Siku ya nne nikakumbuka: kule kazini hakuwahi kutia kitu mdomoni kabla ya kupewa ripoti. Basi nikasimama, mtoto mgongoni, mwiko mkononi, nikasema, "Kapita, matofali elfu mbili mia tatu yamefyatuliwa, tanuri la pili linawaka, mgonjwa hakuna."

Akaniangalia. Akasema, "Vizuri." Akala.

Tangu siku hiyo mimi ndiye msaidizi wake. Idadi ninaitunga nikikoroga uji. Uwase naye amepewa kazi ya kuni, anasema, "Kuni zimefika, Kapita!" kwa sauti ya askari.

Kaka, njoo. Hata siku mbili. Nimechoka, na huyu ni baba yetu sote.

Mdogo wako,
Christella, Mama Uwase


Buyenzi, 29 Juni 1991

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako Niyongabo, yule dereva wa basi, aliniletea stendi, na nilianza kuisoma nikiwa nimesimama. Mjomba anakusalimu, mgongo unamsumbua. Mimi ni mzima. Nafundisha asubuhi, mchana niko na kikundi chetu cha maigizo, tumekuwa kumi na wawili sasa.

Kuja, Christella, si rahisi. Mpakani wanataka karatasi juu ya karatasi, na shule hainipi ruhusa. Lakini usidhani sikuguswa. Hapo kwenye mwiko nilicheka mpaka Mjomba akaja kuuliza nimepatwa na nini. Nikamsomea, naye akacheka akilia.

Nakuomba kitu kimoja. Kwa kuwa siwezi kumwona Mzee, nionyeshe wewe. Niandikie kila kitu, hata kile unachoona ni kidogo: anasema nini, anakaa vipi, akikasirika anafanyaje. Wewe una jicho. Mimi nilikufundisha kushika kalamu, lakini kuona sikukufundisha, hilo ulizaliwa nalo.

Kaka yako,
Audace


Kabeza, 21 Julai 1991

Kaka Audace,

Tumefurahi kusikia mko salama. Mwambie Mjomba apakwe mafuta ya moto mgongoni, asione aibu. Huku joto na vumbi. Mutsinzi ameota jino na amenionjesha.

Sikufichi, barua yako nimeisoma mara tatu. Toka matanga ya Januari hakuna mtu aliyeniuliza, "Mzee yukoje," akangoja jibu. Watu wanauliza huku wanaondoka.

Basi nikuambie habari za kuku. Tunao watatu, na Mzee amewapa vyeo. Jogoo mweusi ni Msaidizi. Tetea mnene anayelala karibu na imbabura, jiko letu la mkaa, ni Mchomaji, kwa sababu anapenda moto. Wa tatu ni mdogo, wa kahawia, anatoroka kila siku kwenda kwa jirani yetu Vestine. Huyo ni Karani.

Juzi Mchomaji aliingia chumbani akataga kwenye kofia ya Mzee. Nikasema nitamfukuza. Mzee akanyoosha mkono: "Mwache. Hajawahi kukosa siku ya kazi." Halafu akamgeukia kuku: "Lakini siku nyingine uombe ruhusa."

Vestine alikuwa ukutani anasikia. Akaniita, "Mama Uwase! Hapo kwenu siku hizi ni bunge?"

"Ndiyo," nikamwambia, "na wewe umechelewa kikao."

Nilicheka, Kaka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Kwa habari ya Karani sikucheka, na wewe uliyekuwa karani wake utaelewa. Kila jioni Mzee anauliza, "Karani amerudi?" Nikisema bado, anasema, "Msifunge mlango." Na hatuufungi mpaka kuku yule arudi.

Mdogo wako,
Christella


Buyenzi, 30 Agosti 1991

Mdogo wangu,

Wote wazima. Nimempa Niyongabo kitenge chako na peremende za Uwase.

Msaidizi na Mchomaji wameniua! Ile ya kofia nimewasomea wenzangu kwenye kikundi, wameniomba niirudie. Endelea, tafadhali. Akiugua anafanyaje? Je, kuna siku mchezo wenu uliharibika, ukabidi umwokoe? Hizo ndizo nataka. Andika kama unavyoongea, usirembe.

Wako,
Audace


Kabeza, 15 Septemba 1991

Kaka Audace,

Kitenge ni kizuri, nimekivaa kanisani. Peremende ziliisha kabla Niyongabo hajageuza basi. Gratien alikuja siku nne akaondoka tena.

Habari za Karani hukuuliza. Sawa.

Unaniuliza kama kuna siku mchezo uliharibika. Ipo. Nimekaa na kalamu wiki nzima nikijiuliza nikuambie au nisikuambie. Nakuambia kwa sababu ni baba yako pia na siku moja itabidi umhudumie. Lakini hili ni lako peke yako. Gratien mwenyewe hajui.

Jumatano moja nimesimama natoa ripoti, nikaona maji yanatiririka miguuni pa kiti. Alikuwa amejikojolea, Kaka. Ameketi wima, mikono juu ya mikono ya kiti, macho kwenye ukuta. Uwase alikuwa pale, akafungua mdomo. Nikamtangulia. Nikatazama juu nikasema, "Kapita, samahani, paa linavuja. Mvua ya jana imekulowesha."

Mvua haijanyesha tangu Juni.

Akatazama paa muda mrefu. Akasema, "Waambie walete vigae vipya." Nikasema, "Vinakuja, Kapita." Nikamwogesha, nikambadilisha nguo, nikaanika koti. Nilipokuwa namfunga kile kifungo alinishika mkono, akasema polepole, sauti ya Baba wa zamani, "Mtu wa nje asinione hivi."

Nikamwahidi. Nilimwambia, "Hakuna atakayekuona, Baba."

Kwa hiyo barua hii usimsomee mtu. Hata Mjomba.

Christella


Kabeza, 27 Desemba 1991

Kaka Audace,

Heri ya Krismasi, ingawa imepita. Tulikula wali, Mzee akaagiza wafanyakazi wote wapewe nusu siku.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Niyongabo anasema anakuona, uko mzima, una haraka tu. Kama ile ya Septemba ilikuumiza, sema. Kama huwezi kuja bado, sema pia. Kimya chako ndicho nisichokielewa.

Christella


Buyenzi, 20 Februari 1992

Mdogo wangu,

Nisamehe. Kazi zimenisonga, na kuna jambo kubwa tulikuwa tunalimaliza hapa, nitakueleza tukionana. Mjomba mzima. Salamu kwa watoto.

Niyongabo atakupa kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na kamba. Ni cha rafiki yangu anaitwa Shyaka, ana chumba huko kwenu mjini, Muhima, ukiuliza karibu na wauza redio utaonyeshwa. Niyongabo hana muda wa kuzunguka mjini, nakuomba umpelekee mwenyewe. Usikifungue, ni vitu vya sherehe vinavyovunjika.

Mzee mwambie namkumbuka.

Audace


Kabeza, 29 Machi 1992

Kaka Audace,

Nakusalimu. Watoto wazima, Gratien yuko Rusumo anangoja foleni, mvua imeanza. Hizo ndizo salamu.

Kifurushi chako nilikipeleka. Nilimfunga Mutsinzi mgongoni, nikapanda mpaka Muhima na mvua yake, nikakibeba kifuani chini ya kitenge ulichonipa, kisilowe, kisivunjike. Shyaka alinishukuru sana. Aliniuliza, "Wewe ndiye dada yake?" akanitazama akitabasamu, nami nikadhani ni adabu.

Jana Vestine kaja anajishika mbavu. "Mama Uwase, nimekuona kwenye video, kule Muhima kwa Shyaka!"

"Mimi?"

"Wewe mwenyewe, mwiko na mtoto mgongoni! Ila yule ni mnene kidogo, anakula kuliko wewe."

Nikamwambia akae chini anieleze vizuri. Akanieleza, na kila alichosema nilikuwa nakijua kabla hajafika. Filamu ya kuchekesha ya kikundi kimoja cha Bujumbura. Zamani za kale, kabla ya Wazungu, kulikuwa na mfalme. Wakuu wake wakamwondoa kwenye kiti, akaenda kuishi kwenye kibanda nyuma ya migomba. Hataki kula mpaka kijakazi asimame na mwiko amsomee idadi ya majeshi. Anatawala kuku. Mmoja akitaga kwenye taji anamwambia aombe ruhusa.

"Inaitwa Mfalme wa Kuku Wawili," akasema.

Nikauliza, "Wawili?"

"Wawili. Na kuna mahali, Mama Uwase, hapo watu walianguka chini, mfalme anakojoa kwenye kiti, yule kijakazi anaangalia juu anasema..."

Nikamwambia, "Nyamaza, Vestine." Akainuka akaenda zake. Nadhani aliniona uso.

Audace, nilikuambia wewe peke yako. Niliandika "lako peke yako," nikapigia mstari. Hukunijibu miezi mitano kwa sababu ulikuwa unainakili.

Nimekwenda kwa Shyaka leo baada ya misa. Nilimwomba aifiche kaseti ile, ambayo kumbe niliibeba mwenyewe kifuani. Si mtu mbaya. Kaniambia, "Mama, kaseti ina mwenyewe. Mwenyewe akiniandikia mistari miwili, naizima." Basi ni hivi. Wafyatua matofali wa Gahanga wanapanda Muhima kila Jumapili kununua vitu, na chumba cha Shyaka wanakipenda. Bado hawajaiona, maana mvua imewazuia. Wakiiona hawatauliza mfalme ni nani, wanalijua koti lile. Wakimjua, watamletea Mzee habari.

Sikuulizi kwa nini. Nataka mistari miwili kwa Shyaka, kwa mkono wako, na Niyongabo anarudi Alhamisi. Mzee bado ni kapita humu ndani. Usimwondoe mara nyingine.

Christella


Buyenzi, 18 Aprili 1992

Mdogo wangu Christella,

Salamu za Pasaka kutoka kwetu sote. Mjomba anaendelea vizuri kidogo.

Umeniandikia kwa ukali ambao sikuuzoea kwako. Tafadhali nisikilize kwa utulivu. Ile ni hadithi ya mfalme wa miaka mia tano iliyopita. Hakuna jina la mtu, hakuna Gahanga, hakuna tofali hata moja. Kila mwandishi huokota huku na huku. Na watu wameipenda! Siku hizi, na mambo yalivyo kwenu na kwetu, mtu akicheka saa moja si ni msaada? Mfalme mwenyewe watu wanampenda, wengine walitoka wanalia. Ungeiona ungejua nimeifanya kwa mapenzi.

Hata hivyo nimekusikia. Nitamwandikia Shyaka aizuie. Nakuahidi, usiwe na wasiwasi tena.

Kuhusu neno "kumwondoa mara nyingine" sikulielewa.

Kaka yako anayekupenda,
Audace


Kabeza, 10 Mei 1992

Audace,

Mutsinzi anatembea. Uwase ameng'oka jino la mbele. Gratien amerudi na homa, sasa nafuu. Nimeanza na haya kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa na Mama, salamu kwanza hata kama nyumba inaungua.

Ahadi yako ilinifikia. Nilimuuliza Niyongabo kama ana ya Shyaka pia. Akasema ulimpa bahasha moja tu, ya kwangu. Nikadhani umeipitisha kwa mtu mwingine. Nikangoja. Nilikwenda Muhima mara mbili na mtoto kumuuliza Shyaka. Mara zote mbili alitikisa kichwa.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Gratien zahanati. Kurudi, kiti kiko wazi mlangoni. Uwase akasema, "Watu wake wamekuja kumchukua Kapita. Walivua kofia."

Walikuwa watatu, wafyatuaji wa zamani. Walimwambia kuna sinema kaitengeneza mwanao, twende ukakae mbele, Kapita. Mpaka leo sijui kama walitaka kumheshimu au kumcheka. Labda wenyewe hawajui. Walimpandisha kwenye pikapu na koti lake.

Nilikimbia, Audace. Nilimwachia Vestine watoto nikakimbia mpaka barabara ya uwanja wa ndege nikapata gari. Nilipoingia kwa Shyaka chumba kimejaa, watu mpaka madirishani. Wamemweka Mzee mbele kabisa, kwenye kiti chenye mikono, peke yake. Wengine wote kwenye mabenchi nyuma yake. Nikajaribu kupita, hakuna pa kupita. Nikasimama mlangoni.

Ilikuwa mahali pa paa.

Nimesikia maneno yangu, Audace. Yote, hata "samahani." Yule dada wa kikundi chenu ni hodari, katazama juu vilevile nilivyotazama mimi. Watu wakapiga mabenchi. Mmoja alipiga kelele, "Mvua hiyo, Kapita! Leteni vigae!" na kicheko kikaanza upya. Nyuma yangu mtu alikuwa anacheka hadi anakohoa. Na mimi nasema ukweli: inachekesha. Kama ningekuwa mtoto wa mtu mwingine ningecheka.

Mzee hakugeuka. Hakuinuka. Aliangalia mpaka mwisho, wima, mikono juu ya mikono ya kiti, kama alivyokuwa anakagua tanuri. Ilipokwisha akatafuta kofia yake chini ya kiti, akaivaa, akatoka katikati ya watu. Hapo hakuna aliyecheka. Walimpisha.

Tulitembea kidogo kabla ya kupata gari. Nilikuwa nimemshika mkono. Akasema, "Kuku walikuwa wawili."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Na mfalme yule, ana kijakazi, ana wakuu, ana adui. Mwanae alikuwa wapi?"

Nilisimamisha gari. Wewe uliyeiandika ndiye unayejua.

Asubuhi ya Jumatatu niliweka uji, nikasimama na mwiko wangu. "Kapita, matofali elfu mbili..." Akanyanyua kiganja. Hakuwa na koti. Alikuwa amelikunja vizuri akaliweka juu ya meza. Akasema, "Pumzika, mwanangu. Tanuri lilizimika siku nyingi."

Akachukua bakuli akala.

Sijui kama alikuwa anajua siku zote na alikuwa ananivumilia mimi, au kama alijua siku ile pale kwenye kiti cha mbele. Sitamuuliza. Siku hizi anakula vizuri, anakaa ndani, haulizwi wala haulizi. Kuku wanazurura hawana vyeo. Jioni nafunga mlango na yeye hasemi kitu. Unajua nilivyokuwa nachukia ile ripoti, nilivyochoka nayo? Leo asubuhi nimekoroga uji nikajikuta natunga idadi, na hakuna wa kumpa.

Sasa lile ulilosema hukulielewa.

Koti amenipa nilifue nimkatie Uwase. Mfukoni nilikuta karatasi imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa. Ni barua ile ya wafanyakazi kwa tajiri, ya kuomba kapita aondolewe. Tajiri alimpa mwenyewe siku ile alipomtoa. Ina alama za vidole gumba arobaini na kitu, jina lako halimo. Lakini mwandiko ni wako. Naujua kuliko wangu. Ni mkono huo ulioshika wangu pale mezani kwa Mama, ukinionyesha "k" inavyopigwa mguu.

Nimejua siku nyingi. Niliiona kwa mara ya kwanza nilipomhamisha kutoka Gahanga, nikairudisha mfukoni. Yeye pia anajua. Miaka yote hiyo anavaa koti na barua yako kifuani, na hajawahi kutamka. Nami nikanyamaza kwa sababu alinyamaza. Nilisema moyoni, kaka yangu alikuwa kijana, walimlazimisha, siku moja atakuja atasema mwenyewe. Ndiyo maana nilikuwa nakuita uje.

Alinikuta nimeishika. Akasema niiwashie jiko. Sikuichoma. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ni yako, umeiandika vizuri.

Christella


Buyenzi, 6 Juni 1992

Christella,

Sina salamu. Mjomba ameniuliza kuna nini, sikuweza kumwambia.

Karatasi nimeiona. Walikuwa hawajui kuandika, Christella. Walikuja watu kumi chumbani kwangu, wakasema wewe ndiye karani, andika. Nilidhani tajiri atamwonya tu. Halafu nikawa siwezi kumtazama. Nilipopata barua zako ilikuwa kama nimerudi nyumbani bila kupita mlangoni. Nilianza kuandika ili niwe karibu naye. Mtoto wa mfalme nilimweka, kurasa nne. Nilizitoa mwenyewe kabla hatujaanza kupiga picha. Sikupata la kumfanya aseme.

Kwa Shyaka sikuandika. Chumba chake kilikuwa kinajaa. Nilitaka kiendelee kujaa.

Sasa nimemwandikia kweli, muulize Niyongabo. Nakuomba uniambie: Mzee amesema nini juu yangu? Anaendeleaje? Analala? Niandikie, tafadhali, hata mistari michache, kama zamani.

Audace


Kabeza, 28 Juni 1992

Kaka Audace,

Pokea salamu zetu, na Mjomba azipokee. Hapa kwetu hatujambo. Watoto wanakua. Gratien amepona, ameondoka Jumanne. Kiangazi kimeanza, vumbi la barabara limefika mpaka kwenye sufuria. Shyaka amenirudishia kaseti, iko juu ya kabati.

Unaniuliza Mzee anaendeleaje. Anaishi. Akiugua nitakuambia, akizidiwa nitakutumia mtu. Hayo ni haki yako na sitakunyima. Mengine sitayaandika tena. Si kwa hasira, hasira imenichosha. Ni kwamba nilimwahidi mtu wa nje asimwone, na ahadi hiyo naanza upya leo.

Lakini sijakufukuza. Mwaka huu wote unaniambia huwezi kuja kwa sababu ya karatasi za mpakani. Niyongabo anapita na karatasi hizo kila wiki. Ukizipata, panda naye, lala kwa Vestine, nimeshamwambia. Asubuhi njoo mapema, kabla ya uji. Mlango utaukuta wazi, nimeacha kuufunga. Hakuna haja ya zawadi wala ya kutunga kitu. Vua kofia, simama pale ninaposimamaga mimi, useme.

Mimi ripoti yangu haitaki tena. Yako bado hajaisikia.

Mdogo wako,
Christella